Mtu wa Samahani

Ikhlas ndiye aliyemgonga, na Luqman ndiye aliyeomba radhi. Ndivyo walivyojuana hawa wawili, pale Frere Town, asubuhi moja ya rasharasha, Ikhlas akiwa amechelewa kazini na akirudisha gari nyuma bila kutazama kioo. Taa ya gari la nyuma ikapasuka. Akashuka na maneno yake tayari mdomoni, maana mwanamke aliyekosea barabarani anajua kwamba asipoanza yeye kusema, atasemwa. Akamkuta mwanamume mrefu, shati limening'inia nje ya suruali, amesimama kando ya mlango wa gari lake na viganja vyake wazi mbele.

"Samahani, dada," akasema yule mwanamume. "Nilikaa karibu mno nyuma yako."

Maneno ya Ikhlas yakamwisha yote. Alibaki amesimama kwenye mvua akitazama vipande vya kioo, na moyo wake, ambao kwa muda mrefu haukuwa na kazi ila kupiga, ukajishughulisha na jambo jingine.

Tuseme ukweli, mwanamke mwingine asingeona lolote la kupendwa hapo. Mwanamume asiyejua kujitetea, angesema, huyo ataonewa na kila mtu. Lakini Ikhlas alikuwa ametoka kwenye nyumba ya makelele. Mume wake wa kwanza alipaza sauti kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya jua, kwa sababu ya mlango uliofungwa na kwa sababu ya mlango ulioachwa wazi. Alipompa talaka yake, Ikhlas alirudi kwa mamake Kisauni, akarudia kazi yake ya kufundisha watoto wa chekechea, akalala usingizi ambao hakuwa ameuona tangu siku ya harusi. Alijiapiza kwamba akiolewa tena ataolewa na mtu mpole. Awe maskini, awe mfupi, awe na masikio makubwa, bora awe mpole. Luqman hakuwa na hata moja katika kasoro hizo. Alikuwa na kituo cha mafuta Changamwe, kwenye barabara ya kwendea uwanja wa ndege, na nyumba yake mwenyewe Likoni, mtaa wa Shika Adabu, jina ambalo Ikhlas aliliona kama lilitungwa kwa ajili yake.

Kadiri walivyozidi kuonana ndivyo alivyomwona akiomba radhi kwa kila kiumbe. Utingo aliyemtukana mamake aliombwa radhi. Mwenye mkokoteni aliyemkwaruza gari aliombwa radhi, tena akatakiwa siku njema. Ikhlas alikuwa akimtazama kwa upande, akajiambia kwamba Mungu akitaka kumfuta mtu machozi humletea mtu kama huyu.

Alikuwa na mambo mengine pia, na hayo Ikhlas hakuyapenda sana, ila aliyaweka moyoni jinsi mwanamke afanyavyo akishapenda. Mkahawani Luqman hakukubali kuketi ila ukutani, uso kuelekea mlangoni. Ikhlas alijitia wanja, akajifukiza udi, akachagua buibui lenye nakshi za mikononi, halafu mlango ukifunguliwa macho ya Luqman yanamwacha yeye yanakwenda kumpokea muuza njugu. Wakitembea alimtaka awe upande wake wa kushoto siku zote, na Ikhlas akijisahau akapita kulia, alizunguka taratibu akamrudisha mahali pake. Kitu kikianguka hakuinama kukiokota. Alichuchumaa, mgongo umenyooka, kama mtu mwenye maumivu ya kiuno, hata Ikhlas akamnunulia chupa ya mafuta ya kuchua, naye akaipokea kwa shukrani. Kwenye maduka makubwa ya Nyali, ambako walinzi huwapitishia watu kifaa mwilini, alimwambia Ikhlas atangulie, yeye akabaki akinong'ona na mlinzi pembeni.

Kutokana na yote hayo Ikhlas alipata jawabu moja, nalo ni kwamba Luqman ana mke. Mtu asiyeacha kutazama mlango ana anayemwogopa. Mtu asiyetaka kukaribiwa upande mmoja ana alama ya meno ya mtu kwenye upande huo. Aliibeba dhana hiyo mpaka ikamnyima chakula, kisha siku moja, mchana, wakiwa wameagiza samaki wa kupaka pale Changamwe, akamuuliza kavukavu.

Luqman hakucheka. Alitazama mlango, kwa kweli, kisha akamtazama yeye.

"Sina mke," akasema. "Nina bastola."

Kwa kitambo Ikhlas hakujua ni lipi kati ya hayo mawili lililo afadhali.

Luqman akamweleza kwa sauti ile ile ya kuagizia chai. Majambazi walikuja kituoni kwake miaka miwili iliyopita, wakampiga risasi mlinzi wake, mtu anayeitwa Lewa, akafa pale pale sakafuni. Baada ya mazishi Luqman aliomba leseni ya kumiliki silaha. Akachunguzwa, akafunzwa, akajaribiwa, akapewa. Tangu hapo hutoka nayo kiunoni, upande wa kulia, chini ya shati, imeshikwa na mkanda mnene wa ngozi. Ndiyo maana hainami, shati likipanda itaonekana. Ndiyo maana kulia kwake hakuna mtu. Na walinzi wa madukani huwaonyesha kadi yake pembeni ili wasije wakapiga kelele mbele ya watu. Kinga ya mwenye silaha ni kutojulikana kwamba anayo. Akamwomba Ikhlas asimwambie mtu nyumbani kwao, yeye mwenyewe atawaambia wakati ukifika, na akamwapisha.

Ikhlas akaapa. Alikuwa amefurahi mno kusikia hakuna mke hata asiipime vizuri hiyo bastola.

Wakati ukafika Jumapili, siku Luqman alipoalikwa Kisauni kuonekana. Aliyemwalika ni Ami Khatibu, mdogo wa marehemu babake Ikhlas, maalim mwenye madrasa yake na mtu asiyependa kurudia neno. Yeye ndiye walii wa Ikhlas, mwenye kumwoza, na bila mkono wake hakuna nikaha. Mamake Ikhlas, Bi Mishi, alipika pilau ya kuku tangu asubuhi. Sufyan, nduguye Ikhlas, karani wa bandarini, aliacha mpira kwa ajili ya mgeni, na Sufyan haachi mpira kwa ajili ya mtu.

Mambo yalianza vizuri. Luqman alisalimu vizuri, akala vizuri, akausifu mkono wa Bi Mishi kwa maneno ambayo Bi Mishi aliyasikia kutoka jikoni na kuyarudia peke yake. Walipokwisha kunawa, Ami Khatibu akainuka, akafungua kabati, akatoa kikoi kipya chenye mistari ya kijani.

Katika nyumba ile kikoi si nguo tu. Mgeni akishashiba hupewa kikoi, akavua suruali yake ya njiani, akajifunga, akajinyosha mkekani pamoja na wenyeji. Akikipokea amekuwa mtu wa nyumbani, na mazungumzo yaliyokuwa ya mzunguko huanza kunyooka. Ikhlas, nyuma ya pazia na sinia la vikombe, alikiona kile kikoi kikinyooshwa, akaufahamu msiba mzima kabla haujatokea.

"Ahsante, Ami," Luqman akasema. "Samahani, niko sawa hivi hivi."

"Hivi hivi, na tumbo limejaa? Jifunge, mwanangu, upumzike."

"Samahani, Ami."

Kikoi kikarudi kabatini. Ami Khatibu alikikunja kwa uangalifu mwingi kuliko kilivyohitaji. Bi Mishi akamvuta Ikhlas sikio akamuuliza kwa kunong'ona mwenzake ana nini mwilini, baka au kovu, maana kama ni baka ziko dawa.

Kisha ikaadhiniwa alasiri. Ami akainuka, Sufyan akainuka, na Luqman akaomba aruhusiwe kuswali pale pale nyumbani. Siku nyingine huifungia bastola kwenye sefu yake kwanza ndipo akaenda msikitini. Siku hiyo alikuwa nayo, kuiacha garini hakuruhusiwa, na kusujudu katikati ya safu za watu na chuma kiunoni hakukutaka. Ikhlas aliyajua hayo. Alichokijua Ami Khatibu ni kwamba mtu anayemtaka binti wa kaka yake amekataa kikoi na amekataa msikiti, yote siku moja, na yote kwa samahani.

Ikhlas angeweza kumtetea kwa neno moja. Neno lenyewe lilikuwa baya kuliko mashtaka. Alisimama na vikombe vyake, akamuona mtu anayempenda akipungua machoni pa watu anaowapenda, na akanyamaza kwa sababu ya kiapo.

Waliporudi kutoka msikitini Luqman aliaga. Hapo ndipo Sufyan, ambaye hana kinyongo na mtu na aliona mgeni amekaribishwa kwa ubaridi, akaamua kumchangamsha. Akamfuata mpaka mlangoni, akamkumbatia kwa mikono yote miwili, kwenye kiuno. Luqman aligeuza nyonga upesi, lakini Sufyan alikwisha kumuwahi.

Sufyan akamwachilia. Akarudi nyuma hatua moja, uso umembadilika.

"Huyu ana mguu wa kuku," akasema polepole.

Bi Mishi akatoka nyuma ya pazia akiwa amehuzunika kweli. "Mguu wa kuku? Na sinia limerudi na vipande vyake? Wewe mwanangu, kwa nini ufiche kiunoni, ungesema tukufungie."

Siku nyingine nyumba nzima ingecheka mpaka magharibi. Siku hiyo Sufyan alilazimika kumweleza mamake, bila kumtazama, kwamba mguu wa kuku ni jina la vijana, na kwamba jina la watu wazima ni bastola.

"Ni kweli," Luqman akasema. "Ninayo leseni yake. Nilikuwa niwaambie mimi mwenyewe. Samahani, Ami. Samahani, mama."

"Umekaa juu ya mkeka wangu," Ami Khatibu akasema, "umekula na sisi mkono mmoja, na hiyo ilikuwapo?"

"Ilikuwapo, Ami."

"Na huyu alijua?"

Ami hakuwa amemtazama Ikhlas, lakini hakukuwa na huyu mwingine. "Abee, Ami. Nilijua," Ikhlas akajibu, na alimwona mzee akimeza jambo hilo kama dawa.

Ami Khatibu hakupaza sauti. Alisema kwamba siku ya nikaha yeye ndiye atakayeushika mkono wa bwana harusi, na mkono uliozoea kitu kile hawezi kuushika. Airudishe serikalini, kisha aje. Ama asije.

"Nimekufahamu, Ami," Luqman akasema. "Samahani."

Akavaa viatu vyake, akichuchumaa, na akaondoka.

Ikhlas akamfuata garini bila kumuomba mtu ruhusa. Alidhani atamkuta akitetemeka, au akilia, au walau akipiga usukani. Alimkuta akifunga mkanda wa gari.

"Ndiyo hivyo tu?" akamuuliza. "Umekataliwa mke, na umesema samahani?"

"Si mahali pa kubishana, Ikhlas."

"Mahali pa kubishana ni wapi, nikuulize? Maana tangu nikujue sijapaona."

Luqman akazima gari. Akamweleza, na huenda lingekuwa jambo la kupendeza lingesemwa siku nyingine, kwamba mtu anayebeba bastola hana ruhusa ya kushinda ubishi. Hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea. Ugomvi mdogo ukiwa na silaha ndani yake si mdogo tena. Mtu akimtukana na yeye akajibu, na yule naye akajibu, hakuna ajuaye utaishia wapi, na mwenye cha kuulia ni yeye. Kwa hiyo hushindwa mapema, kwa kila mtu, kwa kila jambo.

"Hata siku ile nilipokugonga?" Ikhlas akauliza.

Luqman akafungua mkanda wa gari. "Hata siku ile."

Iliuma. Iliuma kuliko kama angesema ana mke. Upole ule aliouomba kwa Mungu, alioutazama kwa upande akiwa garini, alioulalia usiku na kuuamkia asubuhi, haukuwa wa Luqman. Ulikuwa wa kile kitu.

"Kwa hiyo mimi nimependa adabu za bastola," akasema.

Luqman angeweza kusema neno lolote. Akasema, "Samahani."

"Nenda," Ikhlas akamwambia. "Na ukirudi, rudi bila hiyo. Si kwa ajili ya Ami. Nataka kumwona mwenyewe, kama yupo."

Wiki ile watoto wa chekechea waliimba herufi zao bila mwalimu kusikia walichoimba. Simu yake ilikuwa ikiita na Ikhlas akiitazama mpaka inyamaze, kisha akijuta. Alimkosa Luqman kwa namna ya aibu, hata kule kutazamatazama mlango kwake akakukumbuka kwa hamu. Nyumbani Ami Khatibu alikwisha funga mdomo wake, na Bi Mishi alikuwa akileta jina la mwanamume mmoja wa Bamburi aliyefiwa na mkewe, mwenye maduka ya vitambaa. Yote hayo Ikhlas angeyaweza. Hofu yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa kubwa kuliko Ami na leseni na bastola yenyewe: kwamba upole ukiondoka pamoja na chuma, atakayebaki chini yake atakuwa mtu wa makelele. Alikwisha kumuona mtu wa namna hiyo akiwa mchumba, alivyokuwa laini. Hakutaka kumuona tena akiwa mume.

Jumamosi, jua likiwa limeanza kulegea, Luqman alikuja. Ami Khatibu alikuwa madrasani. Ikhlas alikuwa barazani akichambua mchele, na kitu cha kwanza alichokiona ni shati. Lilikuwa limechomekwa ndani ya suruali. Alikuwa na kiuno chembamba, maskini, na mkanda wa kawaida wa mtu wa kawaida.

Akakaribishwa, akaketi. Kiwiko chake cha kulia kilikuwa kikishuka kugusa nyonga, kikikosa kitu, kikipanda tena, na yeye mwenyewe hakujua kwamba kinafanya hivyo. Waliulizana hali zao mpaka hali zikawaisha. Nyuma ya dirisha Bi Mishi aliacha kutwanga vitunguu saumu ili asikie vizuri.

"Ami amesema uirudishe," Ikhlas akaanza. "Wewe wasemaje?"

"Mimi, kama wewe waona..."

"Si nionavyo mimi. Nimekuuliza wewe. Na hiyo samahani iliyoko mdomoni imeze."

Luqman akaimeza. Kisha akasimama, na Ikhlas akaona shingo yake ikijaa.

"Basi sikiza. Sirudishi. Ami Khatibu hakuwapo Lewa alipolala sakafuni. Mimi nilikuwapo, nilimshika kichwa, na nilikuwa sina hata jiwe la kuwarushia wale watu. Ami wako aniambia mkono wangu haushikiki. Mkono wangu una nini? Haujampiga mtu, haujaiba, umekaa mwaka mzima ukiomba radhi kwa makondakta." Sauti ilikuwa imepanda, na mpita njia mmoja akageuka. "Na wewe. Ulisimama nyuma ya pazia na vikombe vyako, ukaniacha nionekane mtu asiyeswali. Mbele ya maalim. Neno moja lilikushinda."

Mwili wa Ikhlas ulikumbuka kabla yeye hajakumbuka. Mabega yakapanda, vidole vikapoa ndani ya mchele, macho yakatafuta njia ya kwendea ndani. Aliijua sauti ya mwanamume inapopanda, na alijua kinachofuata: sauti nyingine juu ya hiyo, kisha nyingine, mpaka wewe uwe huna pa kuweka neno lako, kisha mlango. Akangoja.

Hakikufuata kitu. Luqman alikuwa amesimama, anahema, uso umemwiva, na macho yake hayakuwa yamekwenda popote. Alikuwa akimtazama yeye.

"Haya," akasema. "Nijibu."

Ikhlas hakuelewa mara moja. Katika ndoa yake yote ya kwanza hakuwahi kuambiwa hivyo. Yule mume alipaza sauti ili yeye anyamaze. Huyu alikuwa amepaza sauti, kisha amengoja, na alikuwa akiendelea kungoja, na kwa jinsi alivyokunja uso ilionekana jibu lisipokuja ataudhika zaidi.

Basi akamjibu. Akamjibu kwa siku zote walizojuana na kwa ndoa nzima iliyopita. Alimwambia kwamba aliyemwapisha ni yeye, na kwamba hawezi kumfunga mtu mdomo kisha amlaumu kwa kuwa bubu. Alimwambia mwanamke hawezi kuposwa na mtu anayekubali kila kitu, kwa sababu hatajua ni lipi alilolikubali kweli. Alimwambia habari za wanja wake na muuza njugu. Luqman akakatiza, Ikhlas akamkatiza kukatiza kwake, na walipofika kwenye chupa ya mafuta ya kuchua, Ikhlas akitaka kujua kwa nini aliipokea hali kiuno chake ni kizima, Luqman akasema kwamba aliyapaka, kila jioni, kwa kuwa Ikhlas ndiye aliyemnunulia, na yalimchoma.

Ndani ya nyumba Bi Mishi alicheka peke yake, akajiziba mdomo kwa kanga.

Luqman akaketi. Akasema kwamba zamani, kabla ya hiyo bastola, watu wa kwao walimwita Mbishi, na kwamba angebishana na jua kama limechelewa. Tangu aanze kuibeba amewakubalia watu wote mambo yote, na amechoka.

"Na bastola?" Ikhlas akauliza.

"Kazini nitaibeba. Sitakudanganya. Hapa haitaingia tena, wala katika nyumba yetu haitatembea: nikifika, sefu kwanza, salamu baadaye. Nikija kwenu nitapitia kwangu niifungie, hata ikiwa ni kuvuka feri kwenda na kurudi kwa ajili ya kikombe cha chai. Hayo ndiyo niwezayo. Ukitaka zaidi, sema sasa tugombane na hilo pia."

Ikhlas alifungua mdomo. Alikuwa nalo la kusema, na si moja. Lakini Ami Khatibu alikwisha kufika, amesimama penye kizingiti cha baraza na kitabu chake kwapani, na hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Akatoa salamu, ikaitikiwa. Akamtazama Luqman toka shati mpaka viatu.

"Umerudi kuomba radhi?"

"La, Ami," Luqman akasema. "Nimerudi kuposa."

Akamwambia yale yale aliyomwambia Ikhlas, bila kupunguza. Kwamba silaha hairudishi. Kwamba hakuileta leo na hataileta tena. Kwamba siku ile alikosea kuingia nayo, lakini alikosea hilo tu, na mambo mengine aliyodhaniwa si yake. Ami Khatibu akamuuliza kama anajua anazungumza na nani. Luqman akasema anajua, na kwamba ndiyo maana anasema kweli. Mzee akavuta pumzi puani. Alikuwa amezoea wanafunzi, na wanafunzi hawamjibu.

Akamgeukia Ikhlas. "Umemsikia. Huyu ndiye mumeo umtakaye, na hiyo nayo iko. Mimi radhi yangu sijaitoa, lakini sitaitoa wala sitaizuia kabla ya kukuuliza wewe. Wamtaka?"

Alipoolewa mara ya kwanza aliulizwa swali kama hilo, mlango umerudishwa, mashahidi wako upande wa pili. Hakusema kitu. Mwanamwali akinyamaza kimya chake huhesabiwa ndiyo, na wanawake wakapiga vigelegele juu ya kimya kile. Mwanamke aliyekwisha kuolewa hahesabiwi kimya. Yeye lazima atamke kwa mdomo wake, asikike. Ikhlas alikuwa akilijua jambo hilo kutoka vitabuni, hakuwa amewahi kulisimamia.

Akamtazama Luqman. Alikuwa na jasho kwenye paji la uso na taya limekaza, na hakuonekana kuwa na nia ya kumsaidia. Alikuwa anangoja jibu.

"Yule wa Jumapili sikuwa nikimjua, Ami," Ikhlas akasema. "Huyu, ndiyo. Namtaka."

Kisha akalisema tena kwa sauti kubwa zaidi, ili mtu asije akasema hakusikia.